Sauti ya Ekkehard Zabel Haisubiri Mtu

Kuna watu wanaochukia paka, kuna wanaochukia wakwe. Ekkehard Zabel alichukia kungoja. Si kungoja kokote, hapana. Kwenye duka la mkate alipanga foleni kama sisi sote, na taa ya waendao kwa miguu ikiwa nyekundu alisimama wima hata kama barabara haina gari wala panzi, maana hapa mtaani kwetu Wedding ukivuka taa nyekundu kuna bibi yuko dirishani atakukaripia mbele ya watoto. Alichokichukia ni kungoja ndani ya kompyuta. Ukimtajia hilo tu, mishipa ya shingo inamsimama.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu za muziki, zile ambazo mpigaji anazifungua kwenye kompyuta yake na chombo kimoja kikatoa sauti za vyombo kumi. Na alikuwa na namna yake ya kuieleza kazi hiyo, aliyomweleza kila mtu, hata daktari wa meno akiwa na mikono mdomoni mwake. Ndani ya mashine, alisema, yumo mchukuzi mmoja wa sauti. Mchukuzi huyu anapeleka ndoo za sauti kwenye spika, ndoo baada ya ndoo, hana likizo wala mapumziko ya chai. Ndoo moja ikichelewa hata kwa kupepesa jicho, spika inameza hewa, na wewe uliyetulia kitini pako unasikia: tak! Raha yote imekwisha.

Sasa waandishi wengi wa programu, wakiwa na kitu kinachoguswa na wafanyakazi wawili, hukiweka chumbani na kutia kufuli mlangoni. Mmoja akiwa ndani, mwenziwe angoje nje. Kwa mambo ya benki, sawa. Kwa tiketi za treni, sawa, treni zenyewe hazina haraka. Lakini mchukuzi wa sauti akikuta mlango umefungwa, kwisha habari yake. Kwa hiyo Zabel alitunga rafu ya duara isiyo na mlango: anayeweka anaweka, anayechukua anachukua, kila mmoja ana alama yake ya pale alipofikia na hagusi ya mwenziwe, na wote wawili wanazunguka mpaka siku ya kiama bila kugongana. Rafu za namna hiyo alitunga nyingi, akazikusanya zote katika maktaba moja ya programu, akaigawa bure. Watu wa Osaka na Porto Alegre waliitumia na kumwandikia shukrani. Kichwa kikamvimba kidogo, si sana, kiasi cha kofia kubana.

Kila mwaka, kwenye mkutano wa waandishi wa programu za sauti, alipanda jukwaani na kunguruma kama mhubiri. "Sauti haisubiri mtu! Ukiwa katika njia ya sauti usifunge kufuli! Usiombe nafasi ya kumbukumbu! Usiandike hata neno moja kwenye faili! Ukiandika, utapanga foleni kwa karani wa mashine, yule mtunza mafaili, na karani wa mashine ana kufuli lake mwenyewe!" Watu walipiga makofi, na wengine walikuwa na maneno hayo kwenye fulana.

"Nyumbani kwetu hakuna kufuli," mkewe Heidrun aliwaambia wageni. "Lipo la choo tu, na hilo nalo mume wangu analitazama kwa jicho baya."

Heidrun mwenyewe alikuwa mpigaji wa bandoneoni, kile kinanda cha kukunjua na kukunja chenye vitufe pande zote mbili, alichoachiwa na mjomba wake wa Chemnitz. Alikipiga vizuri, tena vizuri sana, lakini kundi alilopiga nalo lilikuwa limevunjika, na tangu hapo riziki yake ilikuwa kufundisha watu wasiotaka kujifunza. Mtu akizoea jukwaa kisha akaondolewa jukwaani ananyauka. Heidrun alinyauka. Aliacha hata kuimba akiosha vyombo, na Zabel, ambaye anasikia mbu akipiga chafya, hilo hakulisikia.

Ndipo msimu wa majani kupukutika Heidrun akapata habari kwamba jumba dogo la vikaragosi, wanasesere wa kuvaa mkononi, lile la uani nyuma ya duka la baiskeli, linatafuta mpigaji wa msimu mzima wa baridi. Zamani walikuwa na wapigaji watatu. Sasa nafasi ni moja, na huyo mmoja atoe msitu, upepo, mbwa mwitu, na harusi ya mfalme, vyote peke yake. Heidrun akaenda kwa mwenye jumba, Bi. Ottilie Brandes, mwanamke mfupi mwenye masikio makali, akamwambia, "Peke yangu siwezi kuwa watu watatu. Lakini nina mume mwenye programu."

"Mume sina neno naye," Bi. Brandes akajibu. "Programu ndiyo naiogopa. Alikuja mtu hapa na kompyuta yake, ikalia 'tak' malkia alipokuwa anakata roho. Watoto wakacheka mpaka malkia naye akacheka. Njoo Jumamosi mchana nikusikilize. Nikisikia tak moja, bibi wewe, mlango unauona."

Heidrun akarudi nyumbani ana furaha na hofu. "Ekki," akamwambia mumewe, "naitaka kazi hii kuliko kitu chochote. Sijui kama unanielewa. Nisipoipata hii nakiuza kinanda."

"Uuze kinanda!" Zabel akacheka. "Mpenzi wangu, umeolewa na mwenye sauti. Tak haijui hata njia ya kuja nyumba hii."

Basi Jumatatu Heidrun akaketi sebuleni na bandoneoni yake mbele ya maikrofoni, programu ya mumewe ikawashwa, spika mbili pembeni. Akakunjua. Msitu ukajaa sebule, vinanda kama kumi na viwili vinapumua pamoja. Uzuri mtupu. Halafu: tak.

Zabel aliyekuwa anakunywa kahawa alisimama na kikombe. "Umegonga kitu."

"Sijagonga."

"Basi kiti."

"Ekki, kiti kimenyamaza. Rudia kusikiliza."

Akapiga tena, na tak ikaja tena. Zabel alibadilika rangi. Ilikuwa kama mwuza asali aambiwe nyumba yake ina nzi. Akamwondoa mkewe kitini kwa heshima, akaketi mbele ya kompyuta, akaanza kutafuta. Akatazama huku, akatazama kule. Rafu zake za duara zilikuwa safi kama zilivyokuwa siku zote. Mchukuzi haonekani kuchelewa. Lakini huenda anachelewa kwa siri? Utajuaje?

Hapo, jamani, ndipo mganga alipokunywa dawa aliyowakataza wagonjwa wake. Alichungulia mlangoni kama mtu anayeiba sukari, kisha katikati ya njia ya sauti, pale pale alipowakataza watu wa dunia nzima wasithubutu, akaandika mstari mmoja mdogo: kila mchukuzi apitapo, asimame aandike kwenye faili saa aliyopita. "Ni mdogo," akajiambia. "Tena ni wa dakika moja." Akatazama faili: mchukuzi hajachelewa hata mara moja. Akakuna kichwa.

"Ekki!" Heidrun akaita kutoka jikoni. "Mkate!"

Kwa Zabel chakula cha jioni ni saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili. Aliinuka akaenda mezani kwenye mkate, jibini na matango ya siki, na akili yake ikabaki sebuleni. Heidrun akampakia siagi kwenye mkate na kusema, "Ekki, nimekuwa nikikitazama kile kinanda, na nadhani ile tak ya—"

"Subiri, Heidrun," akasema na kisu hewani. "Subiri kidogo, nafikiri."

Akafikiri mpaka matango yakaisha. Aliporudi kwenye kompyuta alikuwa na wazo jipya kuhusu nyaya, na ule mstari wa dakika moja akausahau kama alivyosahau siku ya kuzaliwa ya dada yake, kila mwaka bila kukosa.

Jumanne Heidrun akapiga tena. Tak. Na baadaye kidogo: tak, tak.

"Zimeongezeka!" Zabel akasema. "Ugonjwa unakua!"

"Lakini hii si ile," Heidrun akasema. "Ile ya jana ilikuwa kavu, kama kijiti kimevunjika. Hii inatoka kwenye spika. Ina majimaji."

"Tak ni tak," akasema mtaalamu wa sauti.

Nyani haoni kundule. Mstari wake ulikuwa unaandika, mchukuzi anasimama maelfu ya mara kila dakika kupanga foleni kwa karani, faili linanenepa, na karani kadiri anavyoelemewa ndivyo anavyozidi kuchelewesha. Zabel akaamua kosa liko kwa jirani.

Jirani wa chini alikuwa Bi. Kunkel, mjane wa mkaguzi wa maji, aliyeijua sheria ya nyumba yetu kama wengine wanavyoijua Sala ya Bwana. Zabel akashuka akagonga mlango.

"Bi. Kunkel, habari za mchana. Ningeomba kwa hisani yako uzime friji yako kila siku kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja. Mota yake inaingia kwenye sauti ya mke wangu."

Bi. Kunkel alimtazama kuanzia nywele hadi soksi. "Bwana Zabel. Mimi nimeishi chini ya kinanda chenu kwa uvumilivu. Kikilia saa za mapumziko, ninakohoa tu. Leo unakuja kuniambia friji yangu ina kelele?"

"Haina kelele kwa sikio, bibi. Ina kelele kwa umeme."

"Na samaki wangu waliogandishwa nao watasikia kwa umeme?"

Hata hivyo aliizima, kwa sababu aliombwa kwa adabu, na jioni yake akapanda juu na sahani ya samaki walioyeyuka. "Waleni," akasema. "Wote. Sheria ya nyumba hairuhusu kutupa samaki kwenye pipa la karatasi, na pipa la vyakula limejaa." Wakala samaki siku mbili, na tak ikaendelea.

Jumatano ikawa zamu ya lifti. Zabel aliandika karatasi, akaiwekea mhuri wa kampuni yake ili ipendeze, akaibandika: LIFTI HAITUMIKI MCHANA, TAFADHALI MUELEWE. Mahali pengine watu wangeuliza nani ameandika. Hapa kwetu karatasi ikiwa na mhuri inatosha. Mzee Lüdemann wa ghorofa ya tano alipanda ngazi zote na kreti ya chupa za maji, akipumzika kila ghorofa, na alipofika kwa akina Zabel akagonga akauliza kwa upole kama karatasi hiyo ni ya wiki hii tu. Lifti yenyewe ilikuwa imesimama chini, mlango wazi, imewaka taa.

"Ekki, kabandue ile karatasi," Heidrun akasema. "Mzee wa watu atatufia mlangoni."

"Tak imepungua?"

"Imeongezeka."

Alhamisi alikwenda ofisini na uso kama mawingu. Kampuni yao ilikuwa ya watu wachache, na mwenziwe wa karibu alikuwa Cemal Aydınlı, mtoto wa mtaa wa Kreuzberg, fundi mzuri mwenye mdomo. Cemal, alipoanza kazi, aliwahi kuandika mstari wa kuandika faili katika njia ya sauti, na Zabel akamwonya kuanzia kahawa ya asubuhi mpaka chakula cha mchana, kwa michoro.

"Cemal, umegusa programu ya mke wangu?"

"Mimi? Sijaiona hata sura."

"Kuna tak."

Cemal akaacha kutafuna. "Kwako? Tak? Kwako wewe?" Akaweka mkono kifuani. "Pole sana, ndugu yangu. Tuwaarifu Osaka?"

"Acha utani. Jumamosi mke wangu anasikilizwa, kazi ya msimu mzima. Akisikika na tak moja wanamtoa."

Cemal akaacha utani, maana alimpenda Heidrun kama dada. "Basi lete nikuangalizie msimbo wa programu."

"Msimbo wangu hauangaliwi," Zabel akasema. "Unasomwa."

"Haya, lete niusome."

"Hakuna haja. Kosa liko kwenye umeme wa mtaa."

Ijumaa alinunua nyaya mpya, akaweka kompyuta juu ya mto, akatoa saa ya ukutani betri, akamwomba Heidrun avue hereni. Tak zilikuwa zinaanguka sasa kama mvua ya rasharasha. Heidrun akaweka kinanda chini.

"Ekki, kesho niende bila programu."

"Usinifanyie hivyo."

"Sikufanyii wewe. Ni mimi ninayekwenda kusikilizwa."

Zabel akapiga magoti mbele ya kiti chake, mtu mzima na mvi zake. "Nipe mpaka kesho. Nakuomba. Watu wa dunia nzima wanatumia kazi yangu, na mke wangu mwenyewe asiitumie? Nitakuwa mtu gani?"

Heidrun alimpenda, hilo ndilo tatizo lake. "Haya," akasema, lakini usiku huo hakulala vizuri, na Zabel alilala fofofo.

Jumamosi wakafika kwenye jumba la vikaragosi. Zamani palikuwa pa kufulia nguo, na bado panasikika harufu ya sabuni mvua ikinyesha. Cemal alikuwa ameshafika na mfuko wa mikate ya ufuta, kuja kumshangilia shemeji yake wa hiari. Bi. Brandes aliketi safu ya mbele. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevaa kikaragosi cha mbwa mwitu, na alikuwa amezoea hivyo, hata akikuelekeza njia ya choo mbwa mwitu ndiye aliyeelekeza.

"Anza na msitu," akasema, na mbwa mwitu akaitikia kwa kichwa.

Heidrun akakunjua. Msitu ukaingia ukumbini, mzito, wenye giza, mpaka Cemal akaacha kutafuna. Mbwa mwitu akainuka taratibu juu ya kiti. Halafu: tak.

Mbwa mwitu akageuka akamtazama Zabel aliyekuwa kwenye meza ndogo na kompyuta yake.

"Umeme wenu," Zabel akasema haraka. "Samahani, bibi, ni taa. Zikizimwa mtaona."

Wakazima taa. Heidrun akaanza upya gizani. Tak.

"Friji ya bia," akasema Zabel.

Wakazima friji ya bia. Tak, tak.

"Hita! Ni hita bila shaka!"

Wakazima hita, wote wakavaa makoti, na ubaridi wa jumba la kufulia ukaanza kuwapanda miguuni. Heidrun akapiga vidole vikimganda. Tak.

"Bwana," Bi. Brandes akasema gizani, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, "nizime na moyo wangu?"

Heidrun alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kinanda. Zabel alimwona kwa mwanga wa kompyuta, akaona mabega yake, na kwa mara ya kwanza wiki ile akaogopa kitu kisicho cha mashine. Aliona kazi ya mkewe inamponyoka, tena kwa mkono wa mumewe.

"Cemal," akasema. "Njoo usome."

Cemal akaja, akaketi, akapekua juu hadi chini. Akasimama mahali. Akasogeza uso kwenye kioo cha kompyuta. "Ekki," akaita, "ni mjinga gani ameandika faili katikati ya njia ya sauti?"

"Yupo wapi!" Zabel akaruka. Hasira yote ya wiki ikapata mahali pa kutua. "Nani? Mpumbavu gani huyo? Mtu kama huyo hafai kushika kompyuta, hafai kushika hata redio! Nitajie jina lake nimfundishe adabu leo hii!"

"Jina ameliweka hapa hapa, kwa hisani," Cemal akasema, na akasoma kwa sauti ya kupendeza: "'Wa muda tu. Naufuta baada ya chakula. E. Z.'"

Mbwa mwitu akaweka mkono mdomoni. Zabel alibaki ameinua kidole kile kile alichoinulia watu kila mwaka jukwaani, na hakujua akiweke wapi. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka. Ilikuwa ndiyo sehemu pekee yenye joto katika jumba lile.

Akaketi, akafuta mstari. Lakini kuufuta mstari ni kazi ya kidole kimoja. Baada ya hapo mashine lazima iijenge programu upya nzima, tofali kwa tofali, na kompyuta ile haikuwa kijana. Utepe mwembamba ukaanza kutambaa kwenye kioo kama konokono mwenye mawazo.

"Inachukua muda gani?" Bi. Brandes akauliza.

"Kidogo tu, bibi," akasema Zabel. "Naomba... naomba mngoje."

Cemal alipaliwa na ufuta. Bi. Brandes akaamuru taa na hita viwashwe, akatazama saa yake, akaanza kukusanya vitu vyake. Na Zabel, kwa kuwa akili yake haijui kukaa kimya hata ikiwa nyumba inaungua, akashtuka: "Lakini Jumatatu mstari ule haukuwapo! Niliuweka kwa sababu ya tak! Tak ya kwanza ilitoka wapi?"

"Kwenye kitufe," Heidrun akasema kutoka jukwaani. Hakupaza sauti. "Kitufe cha tatu, upande wa kushoto. Sufu ya chini yake ilikuwa imeliwa, mti ukawa unagonga mti. Nilikata kipande kwenye sapatu yako ya sufu, nikakibandika jioni ile ile."

"Sapatu yangu?"

"Ya kushoto. Na nilianza kukuambia mezani, Ekki. Ukaniambia nisubiri. Wiki nzima umesikiliza friji ya Bi. Kunkel, umesikiliza lifti, umesikiliza hereni zangu. Mimi bado nasubiri."

Cemal akatazama dari.

Heidrun akavuta pumzi, na hakumtazama tena. Alikuwa amechoka kungoja, na zaidi ya hapo alikuwa amekasirika, na hasira ilimkaa vizuri. Akashika bandoneoni peke yake, bila maikrofoni, bila spika, bila vinanda kumi na viwili. Akabonyeza kitufe cha hewa, kile kisicho na noti, akafungua mikono polepole. Chombo kikapumua. Ulikuwa upepo, upepo wenyewe, unaopita chini ya mlango wa nyumba ambayo mwenyewe hayupo. Akaukunja upepo ukawa mlio wa mbali, wa chini kabisa upande wa kushoto, noti moja tu inayotetemeka, na nywele za Cemal zikasimama. Akagonga mti wa kinanda kwa vidole: nyayo, zinakuja, zinasimama. Bi. Brandes alikuwa amesimama na mkoba begani. Mbwa mwitu akainuka mkononi mwake, nadhani bila yeye kumwamuru, akaanza kunusa hewa, akatembea juu ya migongo ya viti kuelekea jukwaani, na kila alipoweka mguu Heidrun alikuwa pale na mgongo wa kidole chake. Mbwa mwitu akichelewa, sauti ilichelewa naye. Akikimbia, ilikimbia. Harusi ya mfalme ilipofika, ilikuja na kinanda kimoja kilichojaa kiasi kwamba kingine kisingepata pa kukaa.

Kompyuta ikalia kengele yake ndogo. Utepe ulikuwa umefika mwisho.

"Tayari!" Zabel akasema, na akainua mkono kwa mazoea. "Iko tayari, sasa haina—"

"Shh!" akasema mbwa mwitu bila kugeuka.

Zabel akashusha mkono. Akafunika kompyuta taratibu ili isitoe mlio, akaketi sakafuni pale pale alipokuwa, akasikiliza. Alikuwa amemsikia mkewe akipiga kwa miaka mingi, lakini siku zote alikuwa anasikiliza spika. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Bi. Brandes alimchukua Heidrun siku ile ile, kwa msimu mzima. "Kompyuta ibaki nyumbani," akasema. Heidrun akamgeukia mumewe, kwa sababu pamoja na yote alijua kitu gani Zabel anaambiwa akiache.

"Ibaki," Zabel akasema. Ilimuuma, lakini aliisema kabla hajaulizwa mara ya pili. Kisha akambebea kinanda mpaka nyumbani, na njiani akamwomba amweleze habari ya kitufe tangu mwanzo, na Heidrun akamweleza, na Zabel hakumkatiza.

Onyesho la kwanza lilikuwa Desemba, mchana, theluji nyepesi uani. Zabel alikata tiketi kama watu wote, akaketi katikati ya watoto, magoti yakimfika kidevuni. Taa zikafifia. Upepo ukaingia ukumbini chini ya mlango usiokuwapo, na msichana mdogo aliyekuwa kando yake akamshika mkono wa koti akidhani ni wa mama yake. Alipogundua si mama yake, hakuuachia.

"Hiyo sauti inatoka wapi?" akanong'ona.

Swali hilo Zabel alikuwa na jibu lake, la saa nzima, na michoro. Alifungua mdomo.

"Inatoka kwa mke wangu," akasema.